Sampuli Kwanza, Pochi Baadaye: Maswali Yenu Kuhusu Kufuma na Felti

Barua nyingi safari hii zimeuliza mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Moja ni kufuma kwa sindano mbili. La pili ni felti, yaani kitambaa kizito cha sufu ambacho hakikufumwa wala kushonwa bali kimegandamana kwa maji moto, sabuni na msuguano. Mambo haya hukutana pale kitu kinapofumwa kwanza, kisha kikagandishwa makusudi. Tumeanza na maswali ya anayeshika sindano kwa mara ya kwanza.

Shikamooni. Nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani Njombe na baridi imeshaanza. Nataka kufuma kwa mkono, si kwa mashine. Dukani nimeulizwa nataka sindano namba ngapi na uzi gani, nikakosa la kujibu. Nianze na nini?

Marahaba. Dukani usitaje namba, taja milimita. Sindano nyingi za madukani kwetu hufuata hesabu ya zamani ya Uingereza, ambapo namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba: namba 12 ni milimita 2.75, namba 10 ni 3.25, namba 8 ni 4 na namba 6 ni 5. Hesabu ya Marekani inakwenda kinyume, na namba 8 yao ni milimita 5. Mtu akifuata maelezo ya Kimarekani kwa sindano za Kiingereza, sweta la mtu mzima linaweza kumfaa mtoto.

Nunua jozi moja ya milimita 4, ya mianzi au mbao ukiipata, kwa sababu chuma kinateleza na mikono ya mwanzo huangusha vitanzi. Uzi uwe wa unene wa wastani, ule ambao lebo yake inasema vitanzi 22 kwa sentimita 10 kwenye sindano ya milimita 4. Chagua rangi ya mwanga. Uzi mweusi huficha vitanzi, na uzi wenye manyoya marefu haufumuki ukikosea. Kwa kujifunzia, akriliki ya bei nafuu, yaani uzi wa plastiki wa kiwandani, inatosha kabisa. Madonge mawili ya gramu 50 yatakupeleka mbali.

Kuanzisha vitanzi ndiko kunakowakatisha watu tamaa, kwa hiyo tukuoneshe polepole. Kwa vitanzi 30 acha mkia wa uzi wa sentimita 75 hivi: sentimita 2 kwa kila kitanzi, na akiba kidogo. Funga kitanzi kinachoteleza, kitie kwenye sindano moja iliyo mkono wa kulia. Hicho ndicho cha kwanza. Mkono wa kushoto, mkia ukae juu ya kidole gumba na uzi unaotoka kwenye donge ukae juu ya kidole cha shahada. Vidole vitatu vilivyobaki vibane nyuzi zote mbili kiganjani. Sasa ncha ya sindano ipande kutoka chini iingie kwenye uzi unaozunguka gumba, ivuke juu iuchukue uzi wa kidole cha shahada, irudi nao kwa kupitia tundu lile lile la gumba. Toa gumba, vuta mkia kidogo. Kitanzi kiishike sindano lakini kikisukumwa kwa kidole kisogee. Kikigoma kusogea umekaza mno, na mstari wa kwanza utakuwa vita. Dawa yake ni kuanzisha vitanzi juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, kisha uchomoe moja.

Kitanzi cha mbele kinafumwa hivi. Uzi uwe nyuma ya kazi. Ingiza ncha ya kulia kwenye kitanzi cha kwanza kutoka kushoto kwenda kulia, itokee nyuma ya sindano ya kushoto. Pitisha uzi nyuma ya ncha hiyo, uushushe katikati ya sindano mbili, vuta ncha irudi mbele na uzi wake mpya, kisha achia kitanzi cha zamani kidondoke. Kitanzi cha nyuma ni kinyume chake: uzi uko mbele, ncha inaingia kutoka kulia kwenda kushoto na kukaa mbele, uzi unazungushwa, ncha inausukuma nyuma.

Fuma mistari 20 ya vitanzi vya mbele tupu, pande zote mbili. Utaona matuta yanayolala. Kila tuta ni mistari miwili. Fumua, anza upya. Ukishafanya mara tatu mikono itakuwa imezoea kiasi cha kukaza, na hapo ndipo uanze skafu: vitanzi 42 kwa upana wa sentimita 20 hivi, urefu sentimita 150, uzi gramu 150 hadi 200. Nunua wote siku moja na ulinganishe namba ya fungu la rangi kwenye lebo. Uzi wa rangi hiyo hiyo uliotiwa rangi siku nyingine huacha mstari unaoonekana waziwazi ukivaliwa juani.

Nilianza na vitanzi 30, baada ya kiganja kimoja nina 37. Sijaongeza kimoja. Skafu inapanuka kama sketi. (Msomaji, Nakuru)

Umeongeza bila kujua, na kazi yenyewe itakuambia wapi. Angalia kama kuna matundu.

Kama ongezeko liko pembeni na hakuna tundu, kosa linatokea mwanzo wa mstari. Ukigeuza kazi, uzi ukiuvuta kwa juu ya sindano kuupeleka nyuma, kitanzi cha kwanza kinanyanyuka na miguu yake miwili inaonekana kama vitanzi viwili. Unaifuma yote miwili. Kabla ya kuanza kila mstari, vuta uzi uteremke chini mbele ya kazi, tazama kitanzi cha kwanza kimekaa kimoja, kisha upitishe uzi chini ya ncha kwenda nyuma.

Kama kuna matundu katikati, umehamisha uzi kutoka mbele kwenda nyuma kwa kuupitisha juu ya sindano badala ya kuupenyeza kati ya sindano mbili. Hilo huwapata hasa wanaochanganya kitanzi cha mbele na cha nyuma. Na kama hakuna tundu ila kuna mahali uzi umepasuka nusu kwa nusu, ncha imechana uzi na kila nusu imehesabiwa kitanzi.

Hesabu vitanzi kila baada ya mistari minne. Ukigundua ziada mapema, fumua hadi hapo. Ukiwa umeshakwenda mbali na haikusumbui kwa macho, fuma vitanzi viwili pamoja kama kimoja mpaka ubaki na 30. Kwa kazi kubwa weka uzi wa usalama: chukua sindano ya kushonea yenye uzi wa pamba wa rangi tofauti, uupitishe ndani ya vitanzi vyote vya mstari ulio na uhakika nao, na uuache humo. Likitokea kosa, fumua bila woga. Kazi itasimama kwenye uzi huo.

Skafu yangu upande mmoja ni laini kama ya dukani, lakini inajikunja kama mkeka. Nimeipiga pasi, imerudi vilevile.

Umefuma mstari mmoja kwa vitanzi vya mbele na mwingine kwa vya nyuma. Mfumo huo hujikunja kwa asili yake: kila kitanzi kimepindwa na uzi unataka kunyooka, na kwa kuwa vyote vimepindwa upande mmoja, juu na chini hukunjikia mbele, pembeni hukunjikia nyuma. Ukingo wa vitanzi 5 vya mbele kila upande, pamoja na mistari 8 ya vitanzi vya mbele mwanzoni na mwishoni, hupunguza tatizo bila kulimaliza. Kwa skafu tumia vitanzi 2 vya mbele, 2 vya nyuma, vikipangana juu ya wenzao. Hiyo hulala tambarare.

Pasi iache. Akriliki ni plastiki, na joto la pasi likiigusa hulegea moja kwa moja, isirudi kuvutika tena maisha yake yote.

Kitanzi kimeanguka, kimeshuka mistari sita. Nifumue yote?

Hapana. Kishike kwa pini kisiendelee kushuka. Geuza upande laini ukutazame. Juu ya kitanzi utaona nyuzi sita zimelala kama ngazi. Ingiza sindano ya kroshia kwenye kitanzi kutoka mbele, nasa ngazi ya chini kabisa, ivute ipite ndani ya kitanzi. Sasa hiyo ndiyo kitanzi. Panda hivyo ngazi kwa ngazi, kisha urudishe kitanzi kwenye sindano ya kushoto mguu wake wa kulia ukiwa mbele. Ukikosa kroshia, ncha ya sindano yenyewe inatosha, ila inataka subira.

Nimefuma pochi kwa mistari ya rangi tatu ili niigandishe iwe felti. Nimeichemsha, nimeisugua kwa mikono saa nzima, haijapungua hata sentimita. Sabuni niliyotumia ndiyo mbaya? (Msomaji, Dar es Salaam)

Sabuni haina kosa, dada. Tunaamini uzi wako ni akriliki, na akriliki haigandi hata ukiichemsha wiki nzima. Hili ndilo swali lililoletwa na watu wengi kuliko yote, na linauma kwa kuwa kazi ya siku nyingi inakuwa imeshafanyika. Ndiyo maana tunarudia kila mwaka: sampuli kwanza.

Unywele wa kondoo ukiutazama kwa hadubini una magamba yaliyopangana kama vigae vya paa, yote yakielekea nchani. Maji ya moto na sabuni huufanya unywele ulainike na magamba yafunguke. Ukisugua, unywele unaweza kusogea upande mmoja tu, kwa sababu magamba yanauzuia kurudi. Kila msuguano unausogeza mbele kidogo, unajifunga na wenzake, na hakuna njia ya nyuma. Anayejua nywele zisizochanwa zinavyosongamana shingoni amekwisha kuona chanzo chake. Akriliki, poliesta na pamba hazina magamba.

Kujua uzi ulionao, kata kipande cha sentimita 5, ukishike kwa kibano juu ya sahani yenye maji, ukiwashe. Sufu huungua kwa kusitasita, ikitolewa motoni huzimika yenyewe, hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake jeusi linasagika vidoleni. Akriliki huwaka haraka kwa moshi mweusi, huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Usiiguse ikiwa ya moto. Pamba hunuka karatasi na jivu lake ni laini, la kijivu. Harufu mbili kwa pamoja, ya nywele na ya plastiki, maana yake uzi ni mchanganyiko. Kwa felti tafuta sufu asilimia 100, au isiyopungua 80.

Lakini hata sufu tupu inaweza kugoma, na moto hautakuonya. Kuna sufu ambayo kiwandani magamba yake yameunguzwa kwa klorini kisha yakafunikwa na utando mwembamba wa plastiki ili nguo ioshwe kwa mashine bila kusinyaa. Lebo yake huandikwa "superwash", au huwa na alama ya beseni la kufulia yenye ruhusa ya mashine. Hiyo nayo haigandi. Vilevile sufu nyeupe sana iliyopaushwa kwa dawa mara nyingi hugoma au huganda kwa shida, wakati rangi ya kijivu ya kampuni hiyo hiyo inaganda vizuri. Pochi ya rangi tatu inahitaji sampuli tatu.

Pochi yako usiitupe. Ipe bitana ya kitambaa kizito, itakaa.

Basi hiyo sampuli inafanywaje, na nitajuaje nifume ukubwa gani ili nipate pochi ya sentimita 30 kwa 28? (Msomaji, Eldoret)

Fuma kwa ulegevu. Kama lebo inapendekeza sindano ya milimita 4.5, tumia 6 au 6.5. Kitambaa kionekane kama neti, kiasi kwamba ukikiinua unaona vidole upande wa pili. Waliozoea kufuma vizuri hapa huona aibu na kukaza. Matokeo yake sufu haipati nafasi ya kusogea, na felti inatoka na mistari ya vitanzi badala ya uso laini.

Tuchukue mfano. Umefuma vitanzi 26 kwa mistari 36, umepima na kupata sentimita 20 kwa 20. Andika. Umeigandisha, ikakauka, umepima tena: upana sentimita 16, urefu 13.5. Usishangae kwamba urefu umepungua zaidi. Kitambaa kilichofumwa husinyaa sana kwa urefu kuliko kwa upana, na ndiyo maana kofia nyingi za wanaoanza hutoka kama sahani.

Sasa gawanya: vitanzi 26 kwa sentimita 16 ni vitanzi 1.625 kwa kila sentimita ya felti. Mistari 36 kwa 13.5 ni mistari 2.67. Pochi ya upana wa sentimita 30 inataka vitanzi 49, na urefu wa 28 unataka mistari 75, kila upande. Usitumie hesabu yetu. Tumia ya sampuli yako, maana uzi mwingine utasinyaa nusu ya huu.

Shona pande kwa uzi ule ule wa sufu, mishono iliyolegea. Ukishona kwa uzi wa pamba hautasinyaa na mshono utafanya mikunjo isiyotoka. Mdomo wa pochi ndio uupitishie uzi wa pamba kwa mishono mirefu, ukiubana kidogo, ili usipanuke kama kengele wakati wa kugandisha, utautoa baadaye.

Kugandisha bila mashine: ndoo mbili. Ya kwanza maji ya nyuzi joto 60 hivi, vaa glavu za mpira, na vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya mche iliyokwanguliwa. Ya pili maji ya baridi. Tumbukiza pochi kwenye ya moto, ikande kama unga wa chapati, isugue juu ya ubao wa kufulia. Dakika 10 za kwanza utaona inakuwa kubwa na legevu. Wengi huachia hapo wakidhani imeharibika. Endelea. Kati ya dakika ya 15 na ya 30 vitanzi vitaanza kupotea na kitambaa kuwa kinene. Ichovye kwenye baridi, ikamue, irudishe kwenye moto, na kila dakika 5 uinyooshe na kutenganisha pande za ndani kwa mkono, la sivyo pochi itagandamana tumboni na hutaifungua tena. Simama vitanzi vikiwa havihesabiki. Suuza mpaka povu liishe, kisha suuza la mwisho weka kijiko cha chakula cha siki kwa beseni moja, kwa sababu sabuni ya mche ni kali na ikibaki huivunja sufu. Ijaze magazeti au sanduku la ukubwa unaoutaka, ikauke kivulini.

Mlio pwani mnaotumia maji ya kisima yenye chumvichumvi mtaona sabuni inafanya utando badala ya povu. Tumieni maji ya mvua.

Ninafuga kondoo hapa Nyandarua, wengi ni Corriedale waliochanganyika. Sufu naiuza kwa bei ya kutupa. Naweza kutengeneza felti bila kusokota uzi? Jamaa yangu Longido ana kondoo wa Kimasai, naye anauliza.

Wewe unaweza, na una mali mkononi. Jamaa yako, kwa bahati mbaya, hapana: kondoo mwekundu wa Kimasai ana nywele, hana sufu. Nywele hizo ni fupi, ngumu, hazina mawimbi, na hazitashikamana. Vivyo hivyo yule mweupe mwenye kichwa cheusi. Mchanganyiko na Dorper hutoa manyoya kidogo yaliyochanganyika na nywele; felti yake huchomachoma na kumwaga vipande.

Corriedale yenyewe ni ya unene wa kati, inaganda vizuri na kwa haraka, inafaa mikeka ya kukalia, soli za ndani za viatu, slipa na pochi. Kwa kitu cha shingoni, sufu ya kondoo wa Merino ni laini zaidi.

Kwanza tupa sufu ya tumboni na ya mkiani yenye kinyesi na mbegu. Kisha osha bila kusugua, kwani kusugua hapa ni kugandisha kabla ya wakati. Kwa gramu 500 tumia lita 15 hadi 20 za maji ya nyuzi joto 60 na vijiko vitatu vya sabuni ya maji ya vyombo. Zamisha sufu ndani ya mfuko wa neti, iache dakika 20, inyanyue. Usingoje maji yapoe: mafuta ya kondoo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 40 hivi, na maji yakishuka chini ya hapo mafuta hurudi kuganda kwenye sufu, ikanata vidoleni. Rudia mara moja au mbili, suuza kwa maji ya joto lile lile, anika kivulini. Epuka sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kuondoa madoa. Vimeng'enya hivyo hula protini, na sufu ni protini. Uzito utakaobaki huenda ukawa theluthi mbili tu ya ule wa mwanzo, au pungufu.

Chana kwa brashi mbili za kuchania sufu hadi nywele zilale upande mmoja na takataka zidondoke.

Kipande cha kujifunzia cha sentimita 28 hadi 30 kila upande, unene kama milimita 3, kinataka gramu 60. Gawa mafungu manne ya gramu 15. Juu ya mkeka au plastiki yenye mapovu, tandaza fungu la kwanza kwenye eneo la sentimita 40 kwa 40: vuta nyuzinyuzi nyembamba kwa ncha za vidole, zipangane kama vigae, zote zikielekea upande mmoja. Fungu la pili lilale kukatisha la kwanza, la tatu kama la kwanza, la nne kama la pili. Inua jicho lako usawa wa meza. Ukiona bonde popote, jaza sasa, maana bonde la sasa ni tundu la baadaye.

Funika kwa kipande cha pazia la neti. Nyunyizia maji ya moto yenye sabuni, kijiko kimoja cha sabuni iliyokwanguliwa kwa lita moja, kuanzia katikati, na ubonyeze kwa kiganja hadi hewa itoke na sufu yote ilowe. Ilowe, isielee. Maji yakizidi nyuzinyuzi zinaogelea zikiachana, na hilo ndilo kosa la kwanza la karibu kila mtu. Yafyonze kwa taulo. Sugua juu ya neti kwa mzunguko mdogo, uzito wa mkono usizidi ule wa kumpaka mtoto mafuta, dakika 5. Ukianza kwa nguvu utapata mikunjo ambayo itabaki hapo daima. Ongeza nguvu dakika 5 nyingine, huku ukiinua neti mara kwa mara isishikwe.

Bana uso kwa vidole viwili na uvute. Zikiinuka nywele mojamoja, endelea kusugua. Ukiinuka utando mzima, anza kukunja: viringisha mkeka na sufu ndani yake juu ya bomba au mpini wa fagio, ufunge kwa kamba, viringisha mbele na nyuma mara 100. Fungua, geuza robo, mara 100 tena, hadi pande zote nne. Kitambaa husinyaa kuelekea upande unaoviringishia, kwa hiyo ukitaka kisinyae zaidi kwa upana, viringisha zaidi kwa upana. Wamongolia hufanya kazi hiyo hiyo kwa ajili ya hema zao kwa kufunga gogo la sufu na kuliburuta nyuma ya farasi, na Wakirgizi wana mazulia ya felti, shyrdak na ala-kiyiz, ambayo UNESCO iliyaweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji ulinzi wa haraka. Mwisho chovya kwenye maji ya moto, kipigize mezani mara 30 hadi 50, suuza na siki, nyoosha kingo, anika kikiwa kimelala.

Niko Bergen, Norwe. Hapa wenzangu kazini wanafuma slipa kubwa mno, wanazitia kwenye mashine zinatoka saizi ya mguu. Zangu moja imetoka saizi 38, nyingine 41.

Umezifua mara mbili tofauti, au moja ilikuwa na nafasi zaidi ndani ya mashine. Jozi iingie pamoja kila mara. Weka nyuzi joto 40, programu ya kawaida ya nguo za rangi, siyo ya sufu kwa sababu hiyo imetengenezwa kuzuia kusinyaa. Tia suruali mbili za jinzi kuukuu za kusugulia, sabuni ya maji kidogo, na slipa ndani ya foronya iliyofungwa ili vumbi la sufu lisizibe chujio. Ya 41 irudishe peke yake kwa mzunguko mfupi, au uisugue sinkini kwa maji moto, ukiipima na mwenzake kila dakika 3.

Zikitoka zikiwa mbichi, vaa mfuko wa plastiki mguuni, vaa slipa, zivute zikae umbo lako, kisha zikauke siku moja au mbili mbali na hita. Kwa mguu wa sentimita 25, na sampuli iliyosinyaa kwa urefu kama ya mfano wa Eldoret hapo juu, urefu wa kufuma ni sentimita 37. Shonea ngozi chini. Felti juu ya sakafu ya mbao inateleza vibaya.

Ile iliyopungua mno unaweza kuivuta ikiwa na maji ya moto upate sentimita moja hivi. Zaidi ya hapo hairudi.

Sindano za kuchomea felti zinanivunjikia kila siku. Ni feki?

Si lazima. Sindano hiyo, ambayo hugandisha sufu kavu kwa kuichomachoma bila maji wala sabuni, ina meno madogo ubavuni na chuma chake ni kigumu, kwa hiyo inavunjika ikipindwa. Iingie na kutoka kwenye mstari ule ule. Ukiingiza kwa mshazari, itoe kwa mshazari huo huo, usiitumie kama wenzo wa kusogeza sufu. Weka sponji nene chini, choma milimita 5 hadi 10 tu. Anza kuunda umbo na namba 36, katikati 38, umalizie uso na namba 40 ambayo ni nyembamba zaidi. Ncha iliyovunjikia ndani itafutwe mpaka ipatikane kabla mwanasesere hajapewa mtoto.

Sweta la sufu nililoletewa limetobolewa na nondo. Nimeweka karafuu, wapi! (Msomaji, Zanzibar)

Karafuu inanukia, haiui. Anayekula si nondo anayeruka bali kiwavi wake, na anapenda jasho na mafuta ya mwili yaliyobaki kwenye nguo. Fua sweta kwa mkono kwa maji ya vuguvugu bila kusugua, likauke kabisa, lifunge kwenye mfuko wa plastiki uliotolewa hewa, uliweke kwenye friza ya nyuzi −18 kwa wiki 2. Liache lipate joto la chumba kabla ya kufungua mfuko, ili unyevu ubaki nje. Kisha hifadhi kwenye mfuko huo huo, na kabati ulifute hadi kwenye pembe na nyufa, maana mayai yako huko. Tundu lizibe kwa kufuata njia ya vitanzi kwa sindano butu na uzi wa unene ule ule, ukianzia vitanzi viwili nje ya tundu ambako uzi wa zamani bado una nguvu.